Nyaya ndefu kwenye droni: mkondo unarudi kupitia wapi?

Droni yenye mikono mirefu ikianza kujizungusha hewani, au mota moja ikasita kisha ikaendelea, mimi huangalia nyaya kabla ya kugusa programu. Kila waya unaopeleka umeme una mwenzake wa kuurudisha. Swali ni kwamba wawili hao wameachana kiasi gani, kwa sababu uwazi ulio kati yao ndio unaorusha kelele (usumbufu wa umeme), na ndio unaoinasa.

Dira ndiyo huumia kwanza. Waya mmoja unaobeba ampea 20 hutoa usumaku wa takriban mikrotesla 80 ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye dira, ilhali usumaku wa dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65 tu. Sokota chanya na hasi pamoja tangu betri hadi mwisho, usumaku wa mmoja utafuta wa mwingine kwa sehemu kubwa. Halafu inua dira kwenye mlingoti. Kuifunika kwa karatasi ya shaba au alumini ni kazi bure, maana metali hizo hazizuii usumaku unaobadilika polepole. Wanaotumia ArduPilot, programu huria ya kuendesha droni, wana jaribio la CompassMot linalopima mota zinavyoisumbua dira: usumbufu chini ya asilimia 30 unakubalika, ukizidi 60 hamisha dira au nyaya.

Sasa mkono wenyewe. Tuseme ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) iko chini ya mota, sentimita 60 kutoka katikati, kwa waya wa 12 AWG (kipimo cha unene) wenye takriban miliomu 5.2 kwa mita. Kwa ampea 40, kwenda na kurudi hupotea robo ya volti. Kwa mota hiyo si kitu. Lakini nusu ya upotevu huo iko kwenye waya hasi, kwa hiyo graundi (sifuri ya volti) ya ESC haiko sawa na graundi ya kompyuta ya droni, na ESC inapowasha na kuzima mkondo kwa kasi tofauti hiyo huruka juu zaidi. Ishara ya kuamuru ESC, ikipelekwa kwa waya mmoja peke yake, ikitegemea hasi ya betri kama njia ya kurudi, husomeka vibaya. Peleka ishara na graundi yake zikiwa zimesokotwa, mizunguko miwili mitatu kwa kila sentimita 5, upande wa pili wa mkono kutoka nyaya za nguvu. Kama DShot600, lugha ya kidijitali ya kuamuru ESC, bado inapoteza ujumbe, shuka hadi DShot300 iliyo ya polepole zaidi. Na uhakikishe lihamu ya hasi nene ni imara: ikiachia, mkondo wote wa mota utapitia ule uzi mwembamba wa graundi na kuuchoma.

Urefu upande wa betri una balaa lingine: waya hukataa mkondo wake kukatwa ghafla, na volti hupanda mlangoni mwa ESC. Lehemu hapo kapasita ya ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, mikrofaradi 470 kwa mfano, miguu yake ikiwa mifupi. Kwa betri ya 6S (seli sita mfululizo), inayofika volti 25.2, chagua ya volti 35 au zaidi.

I2C, laini ambayo dira na vihisi vingine huongea nayo na kompyuta, haikubuniwa kwa safari ndefu. Kikomo chake cha kawaida ni pikofaradi 400 (kipimo cha chaji ambayo laini huhifadhi) kwa laini nzima, vifaa vikiwemo. Laini ikiwa na pikofaradi 200 na rezista ya kuivuta juu (pull-up) ya kilo-omu 4.7, ishara hupanda kwa nanosekunde 800 hivi: kwa kilohezi 100 inaruhusiwa (kikomo ni 1000), kwa kilohezi 400 hairuhusiwi kabisa (300). Rezista ya kilo-omu 1.5 hushusha muda huo hadi kama 250, ila kwa volti 3.3 usiende chini ya kilo-omu moja. Hesabu pia rezista zilizomo ndani ya kila moduli, kwani zinaungana sambamba. Usisokote SDA (waya wa data) na SCL (waya wa saa) pamoja. Kila moja isokotwe na graundi yake.

Laini ikizidi nusu mita, mimi siendelei kubembeleza I2C. Nanunua kifaa cha CAN, laini ya data inayostahimili umbali. Nyaya zake mbili, CAN-H na CAN-L, husokotwa pamoja, rezista ya omu 120 kila mwisho wa laini, na matawi yasizidi sentimita 30 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde. Zima umeme, pima kati ya H na L: omu 60 ni sahihi, 120 maana yake rezista moja haipo, 40 maana yake kuna ya tatu imejificha ndani ya moduli fulani.