Maumivu hayamwandikii mtu wimbo

Juzi nimeambiwa tena: “Huyo dada akiumwa ndiyo anaimba kwa hisia. Mrekodi hivyo hivyo.” Nimechoka kulisikia hili. Mimi ni prodyuza, na ninachokiona kila siku ni kwamba maumivu sugu hayamwandikii mtu wimbo. Yanamla muda, yanamkosesha usingizi, yanamkata pumzi katikati ya mstari.

Wenye imani hiyo hutaka pia albamu ya mgonjwa iwe kilio mwanzo hadi mwisho. Basi sikilizeni *No Shape* ya mwaka 2017, ya Perfume Genius, yaani Mike Hadreas wa Marekani. Anaishi na ugonjwa wa Crohn, ugonjwa unaovimbisha njia ya chakula, ambao hutulia kisha ukaibuka tena. Wimbo wa kwanza, “Otherside”, unaanza na piano na sauti ya chini mno, hata wewe msikilizaji unajikuta unaongeza volumu. Mara vyombo vyote vinakulipukia usoni. Ni pop ya wasanii huru (indie) iliyojaa raha na mng’aro. Kwenye “Wreath” anatamani auvue mwili, aelee bila umbo, na jina la albamu limo humo. Hayo ni matamanio ya mtu anayejua uzito wa kuwa na tumbo, mgongo, ngozi. Halafu kuna mtu ataniambia ni albamu ya huzuni!

Maumivu huiunda albamu kwa njia ambazo msikilizaji hazioni. Dada ninayemzungumzia ana selimundu (sikoseli). Akija, kiyoyozi nakizima saa nzima kabla, kwa sababu baridi inaweza kumwamshia maumivu, na chupa ya maji haiondoki mkononi mwake. Anaimba amekaa. Ukikaa, tumbo linakunjwa, pumzi inapungua, maneno anayoweza kuimba kwa pumzi moja yanakuwa machache. Namshushia maiki mpaka karibu na kidevu, na sauti inakuja kama ya mtu anayekusemesha sikioni. Mashabiki wanaiita sauti hiyo “mtindo wake”. Sawa, ni mtindo wake, lakini ameutengeneza kwa akili, akiwa na nguvu ya teki tatu tu, yaani kurekodi mara tatu, kwa siku. Kiitikio kimoja kilituchukua wiki mbili. Siku alizoumwa kweli hakuimba chochote. Alikuwa kitandani.

Kinachonisumbua ni pumzi. Mstari wa tatu wa wimbo wake una moja, fupi, kama ya mtu aliyechomwa. Nikiifuta, namgeuza kuwa mtu mwenye afya, na sivyo alivyo. Nikiiacha, nahofia nauza maumivu yake. Niliiacha, nikaifuta, nikairudisha, siku nne nzima. Mwishowe nikamsikilizisha rekodi, nikamuuliza mwenyewe.

“Kaka, hapo siumwi,” akasema. “Hapo nilisahau maneno.”

Tukawasha maiki, tukaurudia mstari.