Je, wajua kwa nini klampu isiyo na meno haitelezi inapobana?

Chukua klampu ya upau, kifaa cha kubania mbao chenye fimbo ya chuma (ndiyo upau) na mkono unaoteleza juu yake, ile ambayo sisi mafundi mbao wa Goma tunaiita serejwa, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Isimamishe wima. Ule mkono unaosogea unashuka wenyewe kama ushanga kwenye uzi. Sasa tia vipande viwili vya ubao katikati ya taya, zungusha mpini mara mbili tatu. Mkono uleule umeganda, hata ukiupiga ngumi hausogei. Hauna kufuli wala pini. Umeshikwa na nini?

Umeshikwa kwa sababu umeinama. Tundu la mkono huo ni kubwa kidogo kuliko upau unaopita ndani yake, kwa hiyo ukiwa umenyooka hupita bila kugusana sana. Skrubu ikianza kusukuma ubao, ubao nao unaisukuma skrubu, na skrubu iko kwenye ncha ya mkono, mbali na upau. Mkono unapinda kidogo, jicho haliwezi hata kuona. Ukingo wa juu wa tundu unauma upau upande mmoja, ukingo wa chini unauma upande wa pili. Kadiri unavyokaza ndivyo kingo zinavyozidi kuuma. Ndiyo maana droo pana ya kabati ukiivuta kwa pembe moja inakwama: imeenda mshazari.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme skrubu iko sentimita 8 kutoka katikati ya upau, na kingo mbili zinazouma zimeachana sentimita 2. Gawanya 2 kwa 16, yaani mara mbili ya ile 8, unapata thumuni, moja ya nane. Maana yake, msuguano wa chuma kwa chuma ukifika thumuni ya nguvu inayokandamiza kingo, klampu haitateleza hata ukikaza vipi. Chuma kikavu kinavuka kiwango hicho kwa urahisi. Chuma chenye mafuta kinakikaribia kwa hatari.

Hilo tulilionja katika karakana yetu huko Katindo. Kijana anayejifunza kazi aliona kutu, maana ilikuwa msimu wa mvua, akapaka mafuta klampu zote kuanzia juu hadi chini. Alikuwa na nia njema kabisa. Asubuhi tukapaka gundi kwenye mbao za meza, tukakaza, na mikono ikaanza kurudi nyuma mmoja baada ya mwingine huku gundi ikikauka. "Fundi, nimekosea wapi?" akaniuliza. Tulimalizia kwa kufunga mbao kwa mipira ya ndani ya baiskeli na kuzikandamiza kwa mawe ya volkano, kama walivyofanya waliotutangulia. Baadaye tukafuta pau kwa petroli na kuzipitishia msasa mkavu. Mafuta ni ya nyuzi za skrubu peke yake. Upau ubaki mkavu, bila rangi nene wala gundi iliyoganda.

Ile klampu nyingine, ya kubanwa kwa mkono mmoja kama breki ya baiskeli, inafuata siri ileile. Ndani yake kuna vibati vyenye tundu vilivyovaa upau. Ukibana mpini, kibati kimoja kinainama, kinauma upau na kuusogeza hatua moja. Kingine, kinachosukumwa na springi, kinauzuia usirudi. Kitufe cha kuachia kinakinyoosha hicho cha pili, basi. Ni nzuri sana unapofanya kazi peke yako, mkono mmoja umeshika ubao. Lakini nguvu yake ina mpaka: za wastani hufikia kilo 130 hivi, wakati ya skrubu iliyo imara hupita kilo 300. Kwa kushikilia kitu upesi, nachagua ya kubana. Kwa kuunganisha mbao kwa gundi, siiamini peke yake.

Ukienda kununua, usiangalie urefu tu. Sukuma ncha ya mkono kwa kidole gumba: ikwame papo hapo. Tazama upau kwa jicho moja kutoka mwishoni, uone kama umenyooka. Upau mwembamba unapinda ukikazwa, taya zinafunguka kama mdomo, na nguvu yote inaishia kwenye ukingo mmoja wa ubao. Pitisha kidole kwenye kingo za tundu pia. Zikiwa zimeviringika, zitateleza.

Kwenye kazi yenyewe, sogeza mkono hadi uguse ubao ndipo uzungushe skrubu. Nguvu hutawanyika ndani ya ubao kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kila upande, kwa hiyo weka kipande cha ubao chakavu chini ya taya ili itawanyike zaidi, nacho kinazuia alama. Klampu moja ipite juu ya meza, inayofuata chini, la sivyo mbao zitainuka katikati. Na mikalitusi, ile tunayochongea chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, ina tanini nyingi, kemikali iliyo ndani ya mti: chuma kikigusa gundi mbichi juu yake kinaacha doa jeusi lisilotoka upesi. Kata karatasi ya nailoni, uiweke katikati.

Gundi ikishika, legeza skrubu kwanza, kisha gonga mgongo wa mkono kwa kiganja. Unanyooka, unateleza tena.