Karata ya rangi ni nini hasa? Tuichambue kupitia kesi ya O.J. Simpson

Ukifuatilia siasa au kesi kubwa za Marekani lazima utakutana na msemo huu, kwamba fulani "kacheza karata ya rangi". Maana yake ni kumshutumu mtu kwamba ameingiza habari ya ubaguzi wa rangi kwenye jambo ambalo halihusiani na rangi, ili ahurumiwe au achomoke kwenye kosa. Zamani msemo ulitumika zaidi kwa wanasiasa wazungu wanaowatisha wapiga kura wazungu, mfano mzuri ni yale matangazo ya Willie Horton kwenye kampeni ya urais ya 1988, ambapo picha ya Horton, mfungwa mweusi, ilitumika kumchafua mgombea wa chama cha Democratic, Michael Dukakis. Siku hizi lakini anayetupiwa msemo huu mara nyingi ni mtu mweusi aliyelalamika, na kesi iliyochangia sana hilo ni ya O.J. Simpson, aliyefariki Aprili 10, 2024 akiwa na miaka 76.

Kwa wasiomjua, huyu jamaa alikuwa staa wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi. Mwaka 1973 akiwa Buffalo Bills alikuwa mchezaji wa kwanza kuvuka yadi 2,000 kwa msimu mmoja. Baadae akaingia kwenye filamu, akawa sura ya matangazo ya Hertz, kampuni ya kukodisha magari, kitu ambacho miaka ya 70 kwa mtu mweusi kilikuwa nadra mno. Na alifika hapo kwa kukaa mbali kabisa na harakati. Wakati Muhammad Ali anapokonywa mkanda, wakati wanariadha weusi Tommie Smith na John Carlos wananyoosha ngumi kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, O.J. hakutaka kuhusishwa na hayo mambo, alitaka aonekane O.J. tu basi, na wazungu walimpenda kwa hilo. Kwahiyo mtu ambaye jina lake limegandana na karata ya rangi ndiye aliyetumia nusu ya maisha yake kuikwepa rangi yake. Inachekesha kidogo.

Juni 12, 1994 mtalaka wake Nicole Brown Simpson na kijana anaitwa Ron Goldman waliuawa kwa visu nje ya nyumba ya Nicole, Los Angeles. Siku tano baadae, O.J. akitafutwa na polisi kwa mauaji hayo, ukatokea ule msafara wa gari aina ya Ford Bronco nyeupe iliyombeba ikienda taratibu barabarani na magari ya polisi nyuma, helikopta za televisheni juu, televisheni ya NBC ikagawa kioo mara mbili, fainali ya kikapu ya NBA upande mmoja na Bronco upande mwingine, watu kama milioni 95 wakiangalia.

Sasa hapa ndipo vyombo vya habari vinapoingia. Picha ambayo O.J. alipigwa na polisi alipokamatwa ilitumiwa na majarida mawili makubwa wiki moja, Newsweek na Time. Newsweek wakaiweka kama ilivyo. Time wakaiediti, wakamfanya awe mweusi zaidi, kivuli kizito usoni, ndevu zikaonekana kama za mtu hatari, na kwa sababu yalikaa pamoja kwenye vibanda vya magazeti kila mpita njia aliweza kulinganisha kwa macho yake. Watu walipowaka mhariri wa Time akajitetea kwamba hakukuwa na nia yoyote ya kibaguzi. Hiyo ilikuwa Juni 1994, kesi yenyewe haijaanza, hakuna wakili aliyesimama kusema lolote. Kama rangi ni karata basi ilishawekwa mezani mapema, na hawakuiweka mawakili wa O.J.

Halafu kuna Los Angeles yenyewe. Machi 1991 polisi wa jiji hilo walirekodiwa kwa kamera wakimpiga Rodney King, dereva mweusi, kwa virungu, dunia nzima ikaona, na Aprili 1992 juri, yaani raia wa kawaida wanaopewa kazi ya kuamua kesi, ambayo haikuwa na mtu mweusi hata mmoja ikashindwa kuwatia hatiani, jiji likawaka moto, zaidi ya watu 60 wakafa. Mwezi huohuo wa Machi 1991 binti mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, alipigwa risasi dukani sababu ya ugomvi wa chupa ya juisi, na aliyemuua hakufungwa jela. Watu wa jiji hilohilo ndio walioitwa kukaa kwenye juri ya O.J. miaka michache tu baadae, weusi tisa kati ya 12. Ulitegemea wawaamini polisi kirahisi?

Shahidi muhimu alikuwa mpelelezi Mark Fuhrman, aliyesema ndiye aliyeokota glovu yenye damu nyumbani kwa O.J. Machi 1995 wakili wa O.J., F. Lee Bailey, akamuuliza kama ndani ya miaka kumi iliyopita amewahi kutumia lile tusi la kuwadhalilisha weusi linaloanza na N, akakataa katakata. Ikaja kupatikana mikanda ya sauti aliyokuwa anarekodiwa na mwandishi mmoja wa filamu, anatukana tusi hilohilo mara 41, na anasimulia polisi walivyokuwa wakipiga watu na kubambika kesi. Jaji Lance Ito aliruhusu juri isikie vipande viwili tu. Septemba Fuhrman alirudishwa kizimbani juri ikiwa nje, akaulizwa kama alitengeneza ushahidi wowote kwenye kesi hii, akajibu kwamba anatumia haki yake ya kikatiba ya kutojibu. Yaani mpelelezi aliyesema ameokota glovu anaulizwa kama amebambika ushahidi na hawezi kusema hapana. Baadae alikubali adhabu ya kosa la kusema uongo chini ya kiapo bila kubishana nalo.

Oktoba 3, 1995 juri ikamwachia O.J. baada ya kujadiliana chini ya masaa manne. Robert Shapiro, mmoja wa mawakili wake, akahojiwa na Barbara Walters akasema kwamba sio tu walicheza karata ya rangi, waliigawa kutokea chini ya pakiti, akimaanisha kwa hila. Televisheni nazo zikachagua picha zao, wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard wakirukaruka kwa furaha, halafu wazungu wameshika midomo, na picha hizo mbili zikarudiwa mpaka ikaonekana hakuna mweusi aliyemwona O.J. muuaji wala mzungu aliyekuwa na shaka na polisi.

Tatizo la msemo huu kwa mtazamo wangu ni kwamba unakulazimisha uchague moja. Ama polisi walikuwa wabaguzi ama O.J. alikuwa na hatia, wakati vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja na havigombani. Johnnie Cochran, kiongozi wa mawakili wa O.J., alikuwa na haki ya kuuweka wazi ubaguzi wa Fuhrman, ile ilikuwa kazi yake, wala sioni karata yoyote hapo. Ila kelele zile zote zilimfunika Nicole. Mwaka 1989 alishawahi kupigwa na O.J., polisi wakaitwa, O.J. hakupinga shtaka, akapewa adhabu nyepesi bila jela, na vyombo vya habari vikapita juujuu tu kwa kuwa alikuwa O.J. wa matangazo. Hakuna aliyesema pale kacheza karata ya ustaa.

Na kuna kitu watu husahau. Familia za marehemu zilifungua kesi ya madai Santa Monica, na Februari 1997 juri nyingine, safari hii wengi wao wazungu, ikasema O.J. anawajibika kwa vifo vile, akaamriwa kulipa dola milioni 33.5. Ni kweli kesi ya madai haihitaji uthibitisho mzito kama ya jinai, na safari hiyo zilikuwepo picha mpya za O.J. amevaa viatu aina ya Bruno Magli vinavyofanana na alama za eneo la tukio, pia yeye mwenyewe alilazimika kutoa ushahidi. Sawa. Lakini juri yenye weusi wengi iliitwa juri iliyoamua kwa rangi ya ngozi, hii yenye wazungu wengi kwenye vyombo vikubwa ikaitwa haki imetendeka. Pesa zenyewe familia zilipata sehemu ndogo tu mpaka anakufa.