Bunduki za marisau za Eibar

Nikiletewa bunduki ya marisau ya mitutu miwili, nakshi huwa naiacha kwanza. Naitoa mitutu, naigeuza, nasoma mihuri ya chini, ile inayogongwa mtutu ukishapimwa usalama. Ikiwa ni ya Uhispania, aghalabu imetoka Eibar au vijiji jirani, kwenye bonde jembamba la Wabaski mkoani Gipuzkoa. Tangu 1927 mihuri hiyo ina herufi ya mwaka: A ni 1927, na kuendelea.

Sifa ya mtutu wa Kihispania lakini ilianzia Madrid. Mwishoni mwa karne ya 17 Nicolás Bis, fundi wa mfalme, alipata jina kwa mitutu iliyofuliwa kwa viatu vikuukuu vya farasi. Watu walidai chuma hicho kiliimarishwa na kugongwa na mawe ya barabara. Mimi siamini. Siri ilikuwa nyundo: chuma laini cha Biscay, mkoa jirani wa Gipuzkoa, kilichomwa na kufuliwa mara nyingi hadi takataka zikatoka, na uzito mwingi ukapotelea tanurini. Kisha vipande vifupi viliungwa kimoja juu ya kingine hadi mtutu ukatimia. Matokeo yake ni mtutu mwembamba, mwepesi, usiopasuka ovyo, na jina la fundi limegongwa juu yake kwa dhahabu. Wageni waliughushi muhuri huo bila haya.

Kule Gipuzkoa kazi iligawanywa kwa vyama vinne vya mafundi: wa mitutu, wa mitambo ya kufyatulia, wa vitako na wa vifaa vidogo. Hakuna aliyetengeneza bunduki nzima. Tabia hiyo haikufa, na kwangu mimi ndiyo iliyoubeba mji wa Eibar. Karakana zilizozoea kukata chuma kwa usahihi zilibadili bidhaa biashara ilipodorora: Orbea, iliyoanza na silaha 1840, leo unaijua kwa baiskeli, BH nayo vivyo hivyo, Alfa wakatengeneza cherehani.

AyA (Aguirre y Aranzabal), kiwanda cha Eibar, ndio waliopenya soko la Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Modeli yao ya Namba 2 ina mitambo ya kufyatulia iliyofungwa kwenye bamba za ubavuni, kwa mtindo wa watengenezaji wa London, Holland & Holland, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya London. Wapo waliozidharau bunduki za Kihispania wakisema chuma chake ni laini. Kwa bunduki za bei rahisi lawama hiyo ina ukweli: pini za kugonga fataki na springi huchoka mapema. Namba 2 iliyotunzwa haistahili kutiwa kapu moja na hizo.

Pigo lilikuja miaka ya 1980. Viwanda vingi, AyA ikiwemo, viliunganishwa kuwa kampuni moja, Diarm. Haikudumu hata muongo, ikafilisika. Arrieta na Garbi, waliobaki nje na karakana zao ndogo, waliendelea kupokea oda, na mafundi wachache wa AyA wakalifufua jina lao wenyewe.