Diski Inayogonga Haiponi kwa Programu

Mimi ni fundi wa kurejesha data. Mteja akiweka diski ya kompyuta (hard disk) mezani, maneno ya kwanza huwa yaleyale: "Ilianza kugonga, nikapakua programu ya kurejesha data, ikaskani usiku kucha, haikuona kitu. Nikajaribu nyingine." Anayasema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyejitahidi kabla ya kusumbua wengine. Swali langu huwa moja: tangu ianze kugonga, imekaa kwenye umeme kwa muda gani? Jibu lake hunieleza mengi kuliko chapa ya diski, umri wake au ilivyoanguka.

Dhana: "Programu nzuri itaitoa data hata diski ikigonga"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na nitakaa nayo.

Programu ya kurejesha data huiomba diski isome sekta, yaani vipande vidogo vya hifadhi, kisha hupanga upya kilichosomwa. Faili imefutwa kwa bahati mbaya, diski imefomatiwa, mgawanyo wa diski umepotea: hapo programu ni chombo sahihi, na huenda usimhitaji fundi kabisa. Lakini anayetekeleza ombi la kusoma ni kichwa, kile kidude kidogo kilicho kwenye ncha ya mkono ndani ya diski. Kichwa kikiwa kimepinda au kimekufa, hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayokinyoosha.

Mlio wenyewe unatoka wapi? Diski ikipata umeme, sahani zinazobeba data huanza kuzunguka, kisha mkono hutoa vichwa maegeshoni na kuvipeleka juu ya sahani kutafuta alama za kujiongoza zilizoandikwa kiwandani. Visipozisoma, mkono huyumba hadi mwisho wa njia yake, hugonga, hurudi, hujaribu tena. Baada ya majaribio kadhaa diski nyingi hukata tamaa na kuzima mota. Kuna nyakati chanzo ni umeme dhaifu au kuharibika kwa programu ya ndani ya diski, na vichwa ni vizima. Ila huwezi kulijua hilo kwa sikio, kwa hiyo lisiwe kisingizio cha kuendelea kuiwasha.

Sasa angalia kinachotokea humo ndani. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kila sekunde. Kwenye diski ya inchi 3.5, ukingo wa sahani hupita chini ya kichwa kwa kasi inayozidi kilomita 120 kwa saa, na kichwa huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kilichopinda kikiigusa sahani kwa kasi hiyo, hukwangua tabaka la sumaku, na unga unaotoka hapo ndizo picha na hesabu zako. Hakuna maabara inayoweza kuurudisha. Ukishatawanyika ndani ya kasha, unanaswa chini ya vichwa vilivyokuwa vizima, navyo vinaanza kukwangua. Kwenye diski za laptopu, ambazo sahani zake mara nyingi ni za kioo, nimekuta tabaka limeisha kiasi kwamba unaona upande wa pili.

Programu ya kuskani huirefusha hali hiyo. Hata diski nzima ya terabaiti 1, ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, huhitaji karibu saa tatu kusomwa yote. Diski iliyoumia haisomi hivyo. Sekta moja mbovu inaweza kuishikilia kwa sekunde nyingi, maana diski yenyewe hurudia kusoma, mfumo wa kompyuta nao huomba tena, na programu iliyo juu yao inasubiri tu. Usiku kucha unakuwa siku kadhaa, vichwa vikisugua palepale palipoharibika.

Mbaya zaidi ni ule ujumbe wa Windows unaojitokeza na kuuliza kama ungependa diski ikaguliwe na kurekebishwa. Watu wanabonyeza ndiyo. Kazi ya ukaguzi ule ni kunyoosha mpangilio wa mfumo wa faili. Ukaguzi huo haujali uzima wa faili zako. Huandika juu ya diski ambayo haipaswi kuandikwa hata herufi moja, na mahali uliposhindwa kusoma unaweza kung'oa kabisa kumbukumbu ya faili. Katiza.

"Lakini rafiki yangu ilimsaidia." Ndiyo, kwa sababu diski yake haikuwa imevunjika. Ilikuwa na faili zilizofutwa, au sekta chache mbovu. Kwa hali hiyo ya pili, ikiwa diski haina mlio mgeni, haijaanguka na bado inaonyesha ukubwa wake sahihi, mimi mwenyewe humwambia mtu mjuzi atumie ddrescue, programu ya kunakili diski. Ni ya bure. Hunakili kwanza maeneo yanayosomeka bila shida, kisha ndipo inarudi kwenye mabovu. Hatua hiyo hunakili diski nzima kwenda diski nyingine. Utafutaji wa faili unakuja baadaye, kwenye nakala.

Nasi hufanya hivyohivyo, kwa zana kali zaidi. Vichwa vikiwa vimekufa, tunaweka vya diski pacha. Kisha mashine ya kunakili huizuia diski isirudie-rudie kusoma, huruka panapokwama, na ikiwa kichwa kimoja kati ya vinne ni dhaifu hukizima na kuvuna kwanza nyuso za sahani zinazosomwa na vile vitatu vingine. Wakati mwingine tunachukua orodha ya faili, kisha folda moja tu anayoililia mteja, tukijua vichwa hivyo havina maisha marefu. Programu zilezile mlizopakua nami ninazo. Nazitumia juu ya nakala.

Basi diski ikigonga, ikikwaruza, ikilia kwa mlio wa kuzomea bila kuzunguka, ikitokea na kupotea kwenye orodha, au ikiwa imeanguka hata kama bado inaonekana nzima: chomoa. Usisubiri kuizima kwa heshima. Na usiiwashe tena "kuona kama imepata nafuu".

Dhana: "Iweke kwenye friza"

Ushauri huu una umri mkubwa na ulizaliwa kwenye diski za zamani, ambazo baadhi ya hitilafu zake zilitulia kidogo kwa baridi. Ukiitoa diski kwenye friza, hewa iliyomo ndani na ile inayoingia kupitia tundu la kupumulia huacha unyevu juu ya sahani. Kichwa kinachoelea kwa nanomita chache kinakutana na tone la maji. Malizia mwenyewe.

Dhana: "Ndani hamna hewa, ndiyo maana haifunguliwi"

Hewa ipo, na lazima iwepo, kwa sababu ndiyo inayovibeba vichwa. Diski za kawaida zina tundu lenye kichujio. Zilizozibwa kabisa ni zile zilizojazwa gesi ya heliamu badala ya hewa, ambazo kampuni ya HGST ilianza kuziuza mwaka 2013. Kinachokatazwa ni vumbi. Kazi hii hufanyiwa kwenye kabati la hewa safi la daraja la ISO 5, kiwango cha hewa yenye vumbi kidogo mno, na meza ya jikoni iliyopanguswa haifikii hata karibu. Video za diski inayozunguka bila kifuniko ni za kweli, ila hazikuonyeshi hali yake baadaye. Isitoshe, kwenye baadhi ya diski skrubu moja ya kifuniko ndiyo inayoshikilia mhimili wa vichwa. Ukiilegeza umeshahamisha kitu usichokiona.

Dhana: "Imeungua bodi, nunua bodi ya diski kama hiyo ubadilishe"

Bodi ni ule ubao wa elektroniki ulio nje ya kasha la diski. Zamani ilikubali. Kwa diski nyingi za miaka hii, bodi ina chipu yenye vipimo vya diski ile moja tu, vilivyopimwa kiwandani kulingana na vichwa vyake. Bodi ya pacha bila kuhamisha chipu hiyo inaweza kukupa mlio uleule wa kugonga, na sasa una matatizo mawili. Ajabu ni kwamba bodi "iliyoungua" kwa chaja isiyo yake mara nyingi imekufa kwa diodi ya kinga iliyojitoa mhanga, na dawa yake ni kazi ndogo ya mtu anayejua kushika chuma cha kulehemu.

Dhana: "Ikilowa, izike kwenye mchele"

Mchele hauondoi chumvi wala matope. Maji yakikauka, uchafu huo unabaki umegandia juu ya sahani, na kuutoa ni kazi kubwa kuliko kushughulikia diski iliyolowa. Ifunge kwenye mfuko ikiwa na unyevu wake, uilete upesi, bila kuiwasha.

Dhana: "Imeungua moto, hiyo basi tena"

Chombo cha anga cha Columbia kilipasuka kikirejea duniani tarehe 1 Februari 2003. Diski ya jaribio moja la kisayansi iliokotwa kati ya mabaki, imeungua na kupasuka kasha, na wataalamu wa Kroll Ontrack, kampuni ya kurejesha data, wakatoa takribani asilimia 99 ya data yake. Hakuna aliyejaribu kuichomeka kwanza kwenye laptopu.

Dhana: "Fundi akiifikia data, nywila haina maana"

Ina maana sana. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data kwa ufunguo, tunaweza kuinakili sekta hadi sekta na tusione hata jina moja la faili bila ufunguo. Baadhi ya diski za nje husimba data, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, kwa chipu iliyo kwenye bodi yake hata kama hujawahi kuweka nywila. Kwa hiyo ukileta diski, leta na kasha lake, bodi yake hata kama imeungua, na, kama ni ya BitLocker, zile tarakimu 48 za ufunguo wa akiba.