Hata shehe hajui umempigia nani

Imani hii ni ya zamani: ukimuahidi padri, mchungaji au shehe kwamba utampigia kura fulani, atajua ukigeuka. Hawezi. Katika kura ya siri unatia alama peke yako kituturini, unakunja karatasi alama ikiwa ndani, unaitumbukiza sandukuni, na humo inachanganyika na za wenzako. Jina lako halimo. Siri huvuja kwa uzembe mdogo tu, kama kuipiga picha karatasi au kumwonyesha jirani kabla ya kuikunja.

Kuhubiri juu ya haki na uongozi bora ni kazi ya kiongozi wa dini. Kumtishia muumini kwa laana ni shinikizo. Kule Meath, Ireland, chaguzi mbili za ubunge za mwaka 1892 zilibatilishwa kwa sababu makasisi walivuka mpaka huo.