Mgongano wa chembe za nishati kubwa: maana yake na namna unavyochunguzwa

Mgongano wa chembe za nishati kubwa ni tukio ambalo chembe mbili ndogo kuliko atomu, aghalabu protoni, elektroni au viini vya atomu nzito kama za madini ya risasi, hukutanishwa zikiwa katika kasi inayokaribia ile ya mwanga, ili nishati ya mwendo wao izae chembe nyingine zinazoweza kupimwa. Uchunguzi wa kimajaribio wa migongano hiyo ni kazi ya kuiandaa, kurekodi kinachotoka, kisha kuhesabu kwa uangalifu mkubwa kabla ya kudai kwamba jambo jipya limeonekana. Kazi hiyo ya kuhesabu husimuliwa kwa nadra ikilinganishwa na ukubwa wa mashine, ilhali ushahidi wote umeegemea hapo.

Wengi hudhani kwamba protoni hugonganishwa ili zipasuke na vilivyomo vionekane, kama mtu apasuavyo jiwe aone limeficha nini. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Ndani ya protoni mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, zilizoshikamanishwa na nyingine ziitwazo gluoni, na katika nishati hizi kinachogongana hasa ni kwaki au gluoni ya protoni moja na mwenzake wa protoni ya pili. Lakini vingi vinavyotoka humo havikuwamo kabla. Nishati inaweza kugeuka kuwa masi, kama Albert Einstein alivyoonyesha mwaka 1905, na mgongano ni mahali ambapo mageuzi hayo hufanyika mbele ya vipimo. Chembe ya Higgs, iliyogunduliwa kwa migongano hii mwaka 2012, ina masi ya takribani gigaelektronivolti 125, wakati protoni haifikii hata gigaelektronivolti 1. Kitu kizito kuliko protoni kwa zaidi ya mara 130 hakiwezi kuwa kilikaa ndani yake kikisubiri kutolewa. Kimezaliwa palepale kutokana na mwendo.

Elektronivolti inayotajwa hapa ni nishati anayoipata elektroni mmoja akivuka tofauti ya volti 1 ya umeme; giga ni bilioni zake na tera ni trilioni zake, na masi hupimwa kwa kipimo hichohicho kwa kuwa nishati hugeuka kuwa masi. Ni kiasi kidogo mno, na hata trilioni kadhaa zake hazifiki mbali katika mizani ya maisha ya kawaida. Ukubwa unaosemwa katika jina la dhana hii unatokana na kusongamanisha nishati hiyo yote katika nafasi ndogo kuliko kiini cha atomu. Hii ndiyo sababu mashine kubwa za leo hukutanisha mikondo miwili ya chembe ana kwa ana badala ya kurusha mkondo mmoja kwenye shabaha iliyotulia. Shabaha ikitulia, sehemu kubwa ya nishati hupotelea katika kuzisukuma mbele chembe zitokanazo na mgongano, na kinachobaki kwa ajili ya kuunda chembe mpya huwa kidogo. Mikondo miwili yenye nguvu sawa ikikabiliana, hasara hiyo haipo.

Mashine yenye nishati kubwa kuliko zote kwa sasa ni LHC (Kigonganishi Kikubwa cha Hadroni) ya CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa chembe lililoanzishwa mwaka 1954. Ipo chini ya ardhi karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ndani ya handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27. Sumaku 1,232 hupinda njia ya protoni ili zifuate duara hilo, nazo hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kuwa katika baridi hiyo waya zake hupitisha umeme bila ukinzani. Tangu mwaka 2022 protoni hukutana humo kwa nishati ya jumla ya teraelektronivolti 13.6. Husafiri kwa mafungu, kila fungu likiwa na protoni zipatazo bilioni mia moja, na mafungu hupishana mara milioni 40 hivi kwa sekunde.

Pale yanapopishana pamezungushiwa kigunduzi, yaani mtambo wa kutambua chembe. Kile kiitwacho ATLAS kina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 25; mwenzake CMS ni mfupi zaidi lakini ana uzito wa tani 14,000. Vyote viwili vimepangwa kwa matabaka, na kila tabaka lina swali lake. La ndani kabisa, lililotengenezwa kwa silikoni, hunasa nukta ambazo chembe yenye chaji imepitia. Kwa kuwa uga wa sumaku huipinda njia hiyo, upande inakopindia hutoa habari ya aina ya chaji, na kiasi cha kupinda hutoa habari ya mwendo wake. Tabaka linalofuata husimamisha elektroni na fotoni, yaani chembe za mwanga, na kupima nishati zao. Elektroni huacha alama kwenye silikoni na fotoni haiachi, kwa hiyo nishati iliyomwagika mahali pasipo na njia ya kufika hapo ni dalili ya fotoni. Protoni, nutroni na jamii zao hupenya hadi tabaka zito zaidi, na myuoni, ndugu mzito wa elektroni, huvuka yote na kunaswa nje kabisa. Nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji, hupita bila kuacha alama yoyote. Kuwapo kwake hukisiwa pale ambapo jumla ya mwendo wa chembe zilizoonekana, ukipimwa kukingama na njia ya mikondo, imeelemea upande mmoja.

Hakuna kompyuta inayoweza kuhifadhi yote hayo. Saketi za elektroniki huamua ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde kama tukio linafaa kutazamwa tena, na baada ya mchujo wa pili wa kompyuta hubaki matukio elfu moja hadi elfu chache kwa sekunde. Yaliyotupwa hayarudi. Mchujo huu unastahili kuangaliwa kwa uzito sawa na mashine yenyewe, kwa sababu unaonyesha kwamba mtafiti hulazimika kuamua mapema ni kitu cha namna gani anakitafuta.

Chembe ya Higgs haijawahi kugusa kigunduzi chochote, maana huoza, yaani hugeuka kuwa chembe nyingine, mara tu inapozaliwa. Njia mojawapo ya kuipata ni kutafuta jozi za fotoni, ambazo hutokana na Higgs mbili hivi katika kila elfu. Kwa kila jozi hukokotolewa masi ya chembe ambayo ingeweza kuizaa, na matokeo huchorwa kwenye grafu. Jozi nyingi mno hutokana na michakato ya kawaida na hutengeneza mteremko laini. Chembe mpya hujidhihirisha kama kinundu kidogo juu ya mteremko huo. Swali ni kama kinundu kimetokea kwa bahati. Desturi ya fani hii ni kutotangaza ugunduzi hadi kifikie kiwango kiitwacho sigma 5, yaani bahati tupu ingeweza kukizalisha mara moja tu katika majaribio yapatayo milioni 3.5. ATLAS na CMS, kila kimoja kwa data yake, vilitangaza kufikia kiwango hicho tarehe 4 Julai 2012, na mwaka uliofuata wananadharia François Englert na Peter Higgs, ambao nadharia yao ndiyo iliyoibashiri chembe hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Ukali wa kiwango hicho ulionekana faida yake Desemba 2015. Vigunduzi vyote viwili vilionyesha kinundu cha jozi za fotoni karibu na gigaelektronivolti 750, kikiwa chini ya sigma 5, na wananadharia wakaandika mamia ya makala kukieleza. Kufikia Agosti 2016 data ilikuwa imeongezeka mara kadhaa, na kinundu kilikuwa kimetoweka.

Hata kutoona ni matokeo. Watafiti wanaotafuta chembe za mata ya giza, yaani mata isiyoonekana ambayo hutambulika kwa mvutano wake tu, hukagua matukio ambayo mwendo umeelemea upande mmoja kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na nyutrino. Hadi sasa hesabu zao hazijavuka kiwango cha ugunduzi, na wanachochapisha ni mipaka: kwamba chembe ya aina fulani, ikiwa ipo, lazima iwe na masi zaidi ya kiasi hiki, au izaliwe kwa nadra kuliko kiasi kile.